Mshtarii na Zohali: Walichojua Watu wa Kale Kabla ya Darubini

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Katika Jiografia ya Kidato cha Kwanza tulifundishwa majina ya sayari nane zinazolizunguka jua, na katika Fizikia ya Kidato cha Nne tunafundishwa tena habari za nyota na sayari. Vitabu hutupa hesabu zikiwa tayari: Mshtarii hulizunguka jua kwa miaka 12 kasoro kidogo, na Zohali kwa miaka 29 na nusu hivi. Mwanafunzi huzikariri hesabu hizo, huziandika katika mtihani, kisha huzisahau. Lakini ni wachache wanaouliza: nani alizipata hesabu hizo, na alizipataje?

Jambo la kustaajabisha ni kwamba hesabu hizo mbili zilijulikana zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, wakati ambapo duniani hapakuwa na darubini hata moja. Nia ya makala haya ni kueleza watu wa kale walijua nini juu ya sayari kubwa, walijuaje, walikomea wapi, na sisi tulio kando ya Ziwa Victoria hapa Kisorya twaweza kujifunza nini kwao.

SAYARI KUBWA NI ZIPI?

Sayari kubwa ni nne: Mshtarii, Zohali, Uranusi na Neptuni. Dunia yetu ina kipenyo cha kilometa 12,756 katika Ikweta. Kipenyo cha Mshtarii ni kama mara 11 ya hicho, cha Zohali ni zaidi ya mara 9, na cha Uranusi na Neptuni ni karibu mara 4. Sayari hizi hazina ardhi ngumu ya kukanyaga kama dunia yetu. Sehemu kubwa ya Mshtarii na Zohali ni haidrojeni na heli.

Watu wa kale walizijua mbili za kwanza tu. Majina tunayoyatumia, Mshtarii na Zohali, yametoka katika Kiarabu. Yaliletwa katika pwani yetu pamoja na elimu ya falaki na majina ya buruji 12, yaani yale makundi ya nyota ambayo jua, mwezi na sayari hupita ndani yake: Hamali, Thauri, Jauza, Saratani, Asadi, Sumbula, Mizani, Akrabu, Kausi, Jadi, Dalu na Hutu. Uranusi na Neptuni hazina majina ya zamani kama hayo, na sababu yake tutaiona baadaye.

JINSI YA KUZITAMBUA

Nyota nyingi hukaa mahali pake. Kundi la Kilimia, ambalo jina lake latokana na kulima, lina umbo lile lile leo kama lilivyokuwa kwa mababu zetu waliolitazama ili kujua majira ya kilimo. Lakini wapo wasafiri watano wanaoonekana kwa macho matupu, ambao hutoka katika kundi moja la nyota na kuingia katika lingine. Hao ni Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali.

Mshtarii hung'aa sana, na weupe wake hushinda nyota zote za kweli. Kwa kawaida ni Zuhura tu inayoizidi, na mara chache Mirihi. Tena Zuhura haiachani mbali na jua: huonekana jioni upande wa magharibi au alfajiri upande wa mashariki, wala haionekani kamwe utosini saa za usiku wa manane. Mshtarii yaweza kuonekana utosini usiku wa manane. Zohali ni hafifu kuliko Mshtarii, na rangi yake ina umanjano kidogo. Zote mbili kwa kawaida hazimetimeti kama nyota, bali mwanga wake hutulia.

Sisi wa Kisorya tuna bahati. Tuko karibu nyuzi 2 tu kusini ya Ikweta, na kwa hiyo njia ya sayari hupita karibu na utosi wetu. Mtu wa Ulaya ya kaskazini mara nyingi huzitafuta sayari hizi chini, karibu na upeo wa macho, penye ukungu na moshi.

HESABU ZA WATU WA BABELI

Watu wa Babeli, katika nchi iitwayo leo Iraki, ndio waliotuachia maandishi mengi zaidi ya zamani juu ya sayari. Waliandika juu ya vibao vya udongo mbichi, kisha vibao vikakauka, na maelfu yake yamesalia mpaka leo. Kwa karne nyingi waliandika usiku baada ya usiku: mwezi ulikuwa wapi, sayari zilikuwa wapi, hata bei ya nafaka na kina cha maji ya mto.

Kutokana na kumbukumbu hizo walitambua jambo kubwa. Zohali hurudia mambo yake kila baada ya miaka 59. Mshtarii hurudia mambo yake kila baada ya miaka 71, na vilevile kila baada ya miaka 83. Basi aliyetaka kujua Zohali itaonekana wapi mwaka ujao, alifungua kumbukumbu za miaka 59 iliyopita na kusoma. Kwa mfano, mwaka 2026 Zohali imerudi karibu mahali pale pale ilipokuwa mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha. Wazee wetu walioitazama mbinguni mwaka ule waliiona katika nyota zile zile.

Tuchunguze kwa nini ni miaka 59. Katika miaka 59 Zohali hulizunguka jua mara 2. Ukigawa 59 kwa 2 wapata 29 na nusu, ndiyo ile hesabu tunayoikariri darasani. Katika miaka 71 Mshtarii huzunguka mara 6, na 71 kwa 6 ni 11.83. Katika miaka 83 huzunguka mara 7, na 83 kwa 7 ni 11.86. Hesabu ya leo ni miaka 11.86. Watu wale hawakuwa na lenzi wala saa ya mkono. Walikuwa na macho, udongo na uvumilivu.

Hakuna mtu mmoja aliyeweza kufanya kazi hiyo peke yake. Mtu akianza kuitazama Mshtarii akiwa na umri wa miaka 17, itambidi afike miaka 100 ndipo amalize miaka 83. Kazi ilipokezanwa: mwalimu alimwachia mwanafunzi wake, na yule akamwachia wake.

Kuna jambo jingine ambalo limejulikana hivi karibuni tu. Mwaka 2016 mtaalamu aitwaye Mathieu Ossendrijver alitoa maelezo ya vibao vya Babeli vilivyoandikwa kati ya mwaka 350 na mwaka 50 kabla ya Kristo. Katika vibao hivyo kuna hesabu hii ya Mshtarii. Siku ya kwanza sayari yaenda dakika 12 za nyuzi kwa siku (uzi mmoja una dakika 60). Baada ya siku 60 imepunguza mwendo, na yaenda dakika 9 na nusu kwa siku. Je, katika siku hizo 60 imekwenda umbali gani?

Kila aliyefika Kidato cha Pili aweza kujibu. Chora grafu ya kasi na wakati. Umbo litakalopatikana chini ya mstari ni trapeza, na eneo lake ndilo umbali. Jumlisha 12 na 9.5, wapata 21.5. Gawa kwa 2, wapata 10.75. Zidisha kwa siku 60, wapata dakika 645, yaani nyuzi 10 na dakika 45. Jibu hilo ndilo lililoandikwa katika kibao cha udongo. Njia hii ya kupata umbali kwa eneo, ambayo sisi twaijua kama somo la mwendo, ilidhaniwa kuwa ilianza Ulaya katika karne ya 14. Kumbe ilitumika zaidi ya miaka 1,300 kabla ya hapo, na iliyopimwa ilikuwa Mshtarii.

WATU WA MISRI NA BWANA PTOLEMY

Bara letu la Afrika nalo lina sehemu yake katika habari hizi. Katika dari ya kaburi la Senenmut, afisa mkuu wa Malkia Hatshepsut wa Misri, lililochorwa karibu mwaka 1470 kabla ya Kristo, sayari zimechorwa pamoja na makundi ya nyota, na Mshtarii na Zohali zimo. Wamisri waliiita Zohali kwa jina lenye maana ya Horus, Fahali wa Mbinguni.

Baadaye, katika mji wa Aleksandria uliopo Misri, aliishi mtaalamu aliyeitwa Ptolemy. Kati ya mwaka 127 na mwaka 137 baada ya Kristo aliipima mahali ilipo Zohali, na Mshtarii pia, siku zilipokuwa zimeelekeana na jua. Karibu mwaka 150 aliandika kitabu kikubwa cha falaki, ambacho kilifuatwa kwa miaka 1,400 hivi.

Ptolemy huyu huyu ndiye aliyeandika kitabu cha Jiografia kinachotaja mji wa Rapta katika pwani yetu ya Afrika Mashariki, na kinachosema kwamba maji ya Mto Nile hutoka katika maziwa yaliyoko ndani ya bara, karibu na Milima ya Mwezi yenye theluji. Habari hizo hakuziona mwenyewe. Alizipata kwa maandishi na masimulizi ya mabaharia. Kwa hiyo mtu aliyepima mwendo wa Zohali alikuwa amekwisha kusikia uvumi wa maziwa kama hili tulilo kando yake.

Ptolemy alipanga sayari kwa mwendo wake. Kilicho karibu huonekana kwenda upesi, na kilicho mbali huonekana kwenda polepole. Zohali huenda polepole kuliko zote, kwa hiyo aliiweka mbali kuliko zote, na Mshtarii akaiweka chini yake. Katika jambo hilo alikuwa sahihi.

Alijaribu pia kukadiria ukubwa. Alisema kipenyo cha Mshtarii ni kama mara 4 na theluthi ya kipenyo cha dunia, na cha Zohali ni karibu sawa na hicho. Kipimo chake kilikuwa pungufu sana, lakini tuangalie maana yake: yule mtu aliona nukta ndogo ya mwanga, akasema, hii ni kubwa kuliko dunia yote. Na kweli ni kubwa.

Makosa yake makubwa yalikuwa mawili. La kwanza, aliiweka dunia katikati na kusema vitu vyote vyaizunguka. La pili, alikadiria kwamba Zohali na nyota zote ziko umbali wa nusu-vipenyo 20,000 vya dunia. Kwa vipimo vya leo hiyo ni kama kilometa milioni 127. Lakini twajua kwamba toka hapa mpaka kwenye jua peke yake ni kilometa milioni 150. Toka hapa mpaka ukingo wa ulimwengu wa Ptolemy hapakufika hata umbali wa kweli wa jua.

KWA NINI SAYARI HURUDI NYUMA?

Jambo lililowasumbua watu wa kale kuliko mengine ni hili. Mshtarii huenda mashariki katikati ya nyota kwa miezi mingi, kisha husimama, hurudi nyuma kwa muda wa miezi minne hivi, husimama tena, halafu huendelea na safari. Zohali hufanya vivyo hivyo kwa miezi minne na nusu. Kwa nini msafiri arudi nyuma?

Ptolemy alieleza kwamba sayari huenda kwa duara dogo lililo juu ya duara kubwa. Hesabu zake zilitoa majibu mazuri, lakini wataalamu walioandika kwa Kiarabu hawakuridhika nazo. Ibn al-Haytham, aliyeishi Cairo na kufariki karibu mwaka 1040, aliandika kitabu kizima cha kuonyesha mashaka yake juu ya Ptolemy. Mwaka 1259 palianza kujengwa nyumba kubwa ya kutazamia nyota huko Maragha, katika Uajemi, na katika karne ya 15 mfalme Ulugh Beg alikuwa na nyingine huko Samarkand. Hao wote walitazama kwa macho matupu, lakini kwa vyombo vikubwa vya kupimia pembe. Mwaka 1543 Copernicus wa Poland alitoa kitabu chake kilichosema kwamba jua ndilo lililo katikati.

Mtu wa Kisorya aweza kuufahamu mwendo huu vizuri akiwa safarini. Umepanda kivuko kiendacho Rugezi, Ukerewe, na mbele yenu upo mtumbwi unaoelekea huko huko kwa makasia. Kivuko kina mwendo mkubwa zaidi. Kinapoupita mtumbwi, utazame mtumbwi huku ukilinganisha na miti ya ng'ambo: utauona kana kwamba unarudi nyuma, ijapokuwa mvuvi anapiga kasia kwenda mbele. Dunia ni kivuko, Mshtarii ni mtumbwi, na nyota ni miti ya ng'ambo. Dunia huipita Mshtarii kila baada ya siku 399, na Zohali kila baada ya siku 378.

Hapo ndipo ile hesabu ya watu wa Babeli ilipopata thamani mpya. Mwaka 1619 Kepler, mtaalamu wa Ujerumani, alitangaza kanuni hii: miaka ya sayari ikizidishwa kwa yenyewe ni sawa na umbali wake toka kwenye jua ukizidishwa kwa wenyewe mara tatu, ikiwa umbali wa dunia ni 1. Kwa Mshtarii, 11.86 mara 11.86 ni 140.7 hivi. Ni namba gani ikizidishwa hivyo mara tatu huleta 140.7? Ni 5.2. Basi Mshtarii iko mbali na jua mara 5.2 kuliko sisi. Watu wa Babeli walikuwa na nusu ya jawabu mikononi mwao. Nusu ya pili ilisubiri miaka 2,000.

KUONA SI KUJUA

Usiku wa tarehe 7 Januari 1610, Galileo wa Italia aliielekeza darubini yake kwenye Mshtarii, akaona vinyota vidogo karibu nayo vilivyojipanga katika mstari. Baada ya siku chache alifahamu kwamba ni miezi minne inayoizunguka. Mwaka ule ule aliitazama Zohali akadhani ni vitu vitatu vilivyoshikana. Mwaka 1612 vile viwili vya pembeni vikatoweka, naye akashangaa. Huygens wa Uholanzi ndiye aliyeeleza, mwaka 1659, kwamba Zohali ina pete nyembamba isiyoigusa, na pete hiyo ikituelekea kwa ubavu wake haionekani.

Miezi ya Mshtarii ilileta faida hata kwa wachora ramani. Kwa kuwa miezi hiyo huingia katika kivuli kwa saa zinazojulikana, watu wawili walio mbalimbali wanaotazama tukio moja waweza kulinganisha saa zao za jua. Tofauti ya saa moja ni nyuzi 15 za longitudo. Sisi Kisorya tuko kati ya longitudo 33 na 34 mashariki, lakini saa zetu hufuata longitudo 45. Ndiyo maana jua letu hufika utosini karibu robo tatu ya saa baada ya saa sita mchana. Mwaka 1676 Rømer wa Denmark alitumia mwezi mmoja wa Mshtarii kuonyesha kwamba hata mwanga huchukua muda kusafiri.

Na zile sayari mbili nyingine? Uranusi huonekana kwa macho matupu na mtu mwenye macho makali penye giza kamili, lakini ni hafifu mno na mwendo wake ni wa polepole mno hata watu waliichukua kuwa nyota. Flamsteed wa Uingereza aliiandika katika orodha yake mwaka 1690 kama nyota ya kundi la Thauri. Aliyeitambua kuwa si nyota ni William Herschel, tarehe 13 Machi 1781. Galileo naye aliiona Neptuni kwa darubini yake mwezi Desemba 1612, akaichora kama nyota, akaiacha. Neptuni iligunduliwa tarehe 23 Septemba 1846 huko Berlin na Johann Galle, baada ya Mfaransa Le Verrier kupiga hesabu na kumwambia mahali pa kuitafuta. Kwa hiyo kuona ni jambo moja, na kujua ni jambo jingine.

TUSIWASINGIZIE MABABU ZETU

Hapa kuna swali linalotuhusu sisi Waafrika. Wako wasemao kwamba kabila la Wadogoni wa nchi ya Mali walijua toka kale habari za pete ya Zohali na miezi minne ya Mshtarii bila darubini. Habari hizo zilitokana na maandishi ya wataalamu wa Ufaransa, Marcel Griaule na Germaine Dieterlen, na zikaenezwa sana na kitabu kimoja cha mwaka 1976. Lakini mwaka 1991 Walter van Beek wa Uholanzi, aliyekaa kwa Wadogoni muda mrefu, alieleza kwamba hakuikuta elimu hiyo kwao. Tena pete ya Zohali haionekani kwa macho matupu hata kidogo, na Griaule alipofika Mali habari za pete hiyo zilikuwa zimekwisha kujulikana duniani zaidi ya miaka 250.

Kwa maoni yangu, hatuna haja ya kuwapamba mababu zetu kwa vitu visivyo na ushahidi. Sifa ya kweli inawatosha. Waswahili wa pwani walihesabu mwaka wa jua wa siku 365 toka Nairuzi, wakaugawa katika makumi ya siku, yaani miongo, ili kujua pepo za kusafiria na majira ya kupanda. Wavuvi wetu wa dagaa huijua miandamo ya mwezi kuliko wengi wetu tulio darasani, kwa kuwa taa zao huvuta dagaa vizuri usiku wa giza, na mbalamwezi huwaharibia kazi. Hiyo ni elimu iliyopatikana kwa kutazama.

Yako pia mambo ya zamani ambayo yafaa tuyaache. Katika unajimu wa kale Mshtarii ilihesabiwa kuwa nyota ya heri, na Zohali kuwa nyota ya nuksi. Mpaka leo yuko mtu atakayemwambia mtahiniwa kwamba nyota yake ni mbaya mwaka huu, na kwamba akitoa fedha itasafishwa. Zohali iko zaidi ya kilometa milioni 1,000 toka hapa, na huziangalia shule zote kwa usawa. Kama ingeleta nuksi katika mtihani, ingewaletea watahiniwa wote wa Tanzania siku moja. Fedha hiyo ni afadhali inunue daftari.

KAZI TUWEZAYO KUIFANYA WENYEWE

Napenda kutoa shauri moja kwa walimu na wanafunzi wenzangu. Shule yetu ianzishe daftari la sayari, likae maktaba. Vyombo vinavyotakiwa ni macho, kalamu na ngumi. Nyosha mkono wako mbele kabisa na ukunje ngumi: upana wa ngumi hiyo mbinguni ni kama nyuzi 10. Buruji moja ni ngumi tatu.

Kila wiki, baada ya masomo ya usiku, wanafunzi wawili watoke na kuchora nyota zilizo karibu na Mshtarii na zilizo karibu na Zohali, wapime kwa ngumi, waandike tarehe na saa, na watie sahihi. Kila mwaka zitapita wiki chache ambazo sayari imejificha karibu na jua; hizo nazo ziandikwe. Kwa mwaka mmoja Mshtarii itakuwa imekwenda karibu ngumi tatu, na Zohali ngumi moja na kidogo.

Mwanafunzi atakayeanza Kidato cha Kwanza ataiona Mshtarii ikimaliza theluthi moja ya safari yake mpaka atakapomaliza Kidato cha Nne. Atamwachia daftari mwanafunzi mwingine, na huyo mwingine atamwachia wa tatu. Miaka minne mara tatu ni miaka 12: Mshtarii itakuwa imerudi ilipoanzia, na shule itakuwa na hesabu yake yenyewe, ambayo haikunakiliwa katika kitabu chochote. Mimi na wenzangu wa Kidato cha Nne hatutakuwapo kuuona mwisho wake. Wale waliochora vibao vya Babeli nao hawakuuona mwisho wa kazi yao, na bado twaitumia.

MASWALI KWA WASOMAJI

1. Zohali hulizunguka jua kwa miaka 29.46. Kwa kanuni ya Kepler, tafuta umbali wake toka kwenye jua ikiwa umbali wa dunia ni 1.

2. Tarehe 21 Desemba 2020 Mshtarii na Zohali zilionekana zimekaribiana sana hata zikakaribia kuwa kitu kimoja. Zitakutana tena mwaka 2040. Eleza kwa hesabu kwa nini mikutano yao huja kila baada ya miaka 20 hivi.

3. Mshtarii ilikuwa wapi miaka 71 iliyopita? Jibu kwa kutazama mbinguni usiku huu, wala usifungue kitabu.